Kuandika ili tusomwe: maneno kwa wanafunzi wa Butembo na Beni



Maneno haya tuliyasema kwanza Butembo, kisha tukayarudilia Beni, siku ya posho, wakati wengi wangeweza kuwa ku mupira ao ku shamba kusaidia wazazi. Asanteni kwa kufika. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale waliokosa nafasi, na tumeyaacha karibu vile yalivyotoka mu kinywa.

Kuna waliotuuliza mbele ya kuanza: ninyi watu wa kuandamana, habari ya kuandika inawahusu nini? Si hiyo ni kazi ya maprofesa wa kifaransa? Tunajibu kwa Katiba. Fungueni Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 26. Kinasema uhuru wa kuandamana unalindwa, na kwamba wenye kupanga maandamano ku barabara ao mahali pa wazi wanapaswa kujulisha mamlaka kwa maandishi. Hawakusema kwa simu, wala kwa kutuma mtu amwambie meya. Kwa maandishi. Kisha musome kifungu kinachofuata, cha 27: kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka, na mamlaka inajibu mu miezi 3. Na hakuna mtu anayepaswa kushtakiwa, kwa namna yoyote, eti sababu ameandika petisyo.

Muone basi. Haki mbili kubwa za raia, na zote mbili mulango wake ni karatasi. Mwanafunzi ambaye amemaliza miaka mitatu ya unive na hawezi kuandika ukurasa mumoja unaoeleweka, haki hizo ni zake, lakini ufunguo uko mu mufuko wa mutu mwingine.

Na ku jimbo letu hii maneno ina uzito zaidi. Tangu 6 Mei 2021, wakati eta de siege ilianza mu Kivu ya Kaskazini na mu Ituri, viti vya viongozi wa kiraia vilichukuliwa na wanajeshi na wapolisi. Bunge la jimbo lilisimamishwa. Mudeputé wa jimbo ambaye ulikuwa unaweza kumupigia simu, ao kumungojea ku mulango wa kanisa, hakubaki na kiti cha kusemea. Mutu wa kukusemea akikosekana, unabaki na barua.

Sasa tuseme namna barua zetu zinavyofika. Tumebeba barua nyingi mu ma-buro ya Butembo na ya Beni, na tumeona mutu wa sekretaria anavyosoma. Anaangalia juu, anatafuta kichwa cha habari, anasoma mistari mitano, basi. Ana fungu la karatasi mbele yake na kuna watu wamesimama ku mulango. Mu mistari ile mitano, wanafunzi wengi wanaandika nini? Wanaandika kwamba wako na heshima kubwa sana ya kuja mbele ya utukufu wake mukubwa, kwa nia ya kumuelezea jambo ambalo lengo lake limetajwa pale juu. Mistari mitano imekwisha. Hajajua kama ni maji, ni usalama, ao ni ndoa.

Hatuwacheki. Tunataka kuuliza lugha hii inatoka wapi, sababu hakuna mutoto wa Butembo anayezaliwa nayo. Mama ku soko ya samaki hasemi vile. Anasema: samaki hii ni ya leo, ni elfu tano, chukua ao acha. Mutu aliyeleleka kwa mama wa namna hiyo anafika ku unive, na miaka miwili nyuma yake hawezi tena kusema bei ya samaki bila utangulizi.

Inatoka mu auditwari. Mwalimu anasoma silabi, sisi tunaandika. Siku ya egzame tunamurudishia silabi yake. Mwenye kurudisha vizuri zaidi anapata alama zaidi. Miaka inapita, hakuna aliyetuomba sentensi moja iliyo yetu. Kisha, gafla, mwaka wa mwisho, wanasema: leta TFC, kurasa 40. Ni kama kumufundisha mutu miaka mitatu namna ya kukaa ku kiti cha nyuma cha moto, kisha siku moja unamupa usukani ku mushuko wa mvua.

Basi mwanafunzi anafanya nini? Anaenda ku sekretaria publik, ile kibanda ya kompyuta na mashine ya kopi karibu na unive. Mule mu kompyuta muko TFC za watu wa zamani. Anachukua moja, anabadilisha jina, anabadilisha komuni, anaweka Bulengera pahali pa Kimemi, anaweka 2024 pahali pa 2016. Sura ya kwanza ni maana ya maneno, sura ya pili ni historia ya mji, na historia ile ya mji imekopiwa mara nyingi mpaka makosa yake yamekuwa ya jadi. Analipa, inapigwa, inafungwa na kava ya plastiki. Huko mu ndani hamuna mutu hata mumoja aliyeulizwa swali.

LMD ilipoanza mu inchi yetu, ku mwaka wa masomo 2021-2022, wengi tulitumaini kwamba mwanafunzi atafanya kazi nyingi mwenyewe, atasoma, ataandika. Ku karatasi ni vile. Lakini reforme haiandiki. Kama auditwari ina watu mia tatu na mwalimu ni mumoja, hata akiwa na moyo mwema, hawezi kusahihisha kazi mia tatu kila juma. Kwa hiyo tusingojee. Kuna kujifunza kuandika ambako kunawezekana bila ruhusa ya mutu, na njo tunataka kukuongelea.

Lakini kwanza lugha, sababu njo woga mukubwa. Wengi wetu tunasema kinande ku nyumba, kiswahili ku soko na ku barabara, kifaransa mu darasa. Pale Beni, ku Université Chrétienne Bilingue du Congo, wanaongeza kiingereza. Mutu anayeandika kwa lugha yake ya tatu anaogopa kosa, na mutu mwenye kuogopa kosa anakopa sentensi ya mwingine, sababu sentensi ya mwingine ilishapita egzame. Kopie-kole si uvivu peke yake. Mara nyingi ni woga.

Dawa ya woga huu tumeiona ikifanya kazi: andika kwanza kwa lugha unayoota nayo. Uko na petisyo ya kuandika kwa kifaransa? Kaa chini, andika kwa kiswahili ao kwa kinande kile unachotaka, vile ungemuambia shangazi yako. Sentensi sita. Kisha uzipeleke mu kifaransa, kifaransa kifupi, kitenzi kimoja kwa sentensi kama unaweza. Utaona kitu cha ajabu: yale mambo ya utukufu mukubwa hayana kinande. Yanaanguka yenyewe ku njia.

Na musiseme kwamba kuandika ni kwa wenye diplome kubwa. Patrice Lumumba hakuingia unive. Alikuwa karani wa posta, alifanya kazi Stanleyville, ile Kisangani ya leo, na mu miaka ya 1950 alikuwa anatuma makala ku magazeti ya wakati ule, ku La Croix du Congo na ku La Voix du Congolais. Makala juu ya makala. Siku ya 30 Juni 1960 alipopanda kusema mbele ya mufalme wa Wabelgiji, mukono wake ulikuwa umezoea kalamu kwa miaka mingi. Watu wanakumbuka ujasiri wa siku ile, wanasahau mazoezi.

Tuko na mufano mwingine, wa kwetu kabisa, na huu tutaukalia kidogo.

Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza diosezi ya Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997. Ni mu wakati wake, 1989, Université Catholique du Graben ilizaliwa hapa Butembo, na wamoja kati yenu munasomea pale. Mu 1997 alitumwa kuwa askofu mukuu wa Bukavu. Vita ya pili ikaanza mu 1998, Bukavu ikawa chini ya waasi wa RCD. Kwa Noeli ya 1999 akaandika ujumbe kwa wakristo wake. Hakuwa na askari hata mumoja. Ujumbe wa Noeli, kitu ambacho kila askofu anaandika kila mwaka na ambacho mara nyingi watu wanasikiliza huku wakifikiria wali na nyama. Ila mu ujumbe ule alitaja uporaji wa mali ya inchi, na alisema ni nani wanaofaidika: watu wa inje, pamoja na ndugu zetu wenyewe wanaowasaidia.

Mu Februari 2000 wakubwa wa RCD wakamukatalia Bukavu. Wakamuzuia huku, Butembo. Alibaki mpaka Septemba. Aliporudi Bukavu hakukaa sana. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba 2000.

Watu wakisimulia habari hii wanasema juu ya ujasiri, na ni kweli. Lakini leo tunawaomba muisome kama watu wanaojifunza kuandika. Kwa nini karatasi ile ilichoma? Tunaona sababu mbili. Ya kwanza: iliandikwa juu ya kusomwa kwa sauti, mu parokia, mbele ya watu ambao wengine hawajui kusoma. Mutu anayejua kwamba sentensi yake itapita mu kinywa cha padri na mu sikio la mama mwenye mutoto mugongoni hawezi kuandika sentensi ya mistari kumi. Pumzi inakataa. Ya pili: ilitaja. Mutu akisema "inchi inateseka", hakuna mukubwa anayekasirika, hata yeye mwenyewe atasema amina. Anayekasirika ni yule aliyesikia kazi yake imeitwa kwa jina.

Hapa njo kiini cha yote tuliyokuja kusema: andiko la nguvu ni lile ambalo mutu mwingine anaweza kwenda kuhakikisha. Nani, wapi, siku gani, ngapi, munaomba nini. Makelele hayahakikishwi. Yanapita.

Tuchukue mufano wa kutunga, wa kila siku. Tuseme ku avenue yenu robine hazitoi maji. Mwanafunzi wa kwanza anaandika: "Raia wanateseka sana kwa ukosefu wa maji na viongozi wamenyamaza, hali ambayo haivumiliki tena mu karne hii." Ni sentensi nzuri ku masikio. Mukubwa anaisoma, anasema: kweli, maji ni shida mu mji wote, na anaiweka ku fungu. Mwanafunzi wa pili ameenda kwanza ku robine. Anaandika: "Tangu 3 Machi, robine mbili kati ya tatu za avenue yetu zimekauka. Familia zinashuka ku chemchemi, kwenda na kurudi ni dakika 50, na watoto wanafika ku masomo wamechelewa. Tunaomba fundi atumwe kuangalia mbele ya mwisho wa mwezi." Hii ya pili haina hata neno moja la hasira. Lakini mukubwa akiisoma ana njia mbili tu: kutuma fundi, ao kusema kwamba si kweli. Na akisema si kweli, tutaenda naye ku robine.

Mutaona pia kwamba mwanafunzi wa pili alitembea. Kuandika vizuri kunachokesha miguu. Wengi wanatuomba tuwafundishe staili. Tunawajibu, kwanza nenda uhesabu.

Beni, ninyi munajua kwa nini tunakaza juu ya kuhesabu. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa mu Beni na mu vijiji vyake, na ninyi munaosikiliza leo mumelelewa ndani ya hesabu hizo. Kila shambulio, asubuhi yake simu zinaleta hesabu tatu: mumoja anasema wanane, mwingine kumi na tano, mwingine anasema thelathini na anaweka picha ambayo si ya pale. Kijana mwenye uchungu anachukua ile kubwa zaidi, sababu anaona ndogo haitoshi kwa uchungu wake. Tunamuelewa. Lakini mutazame kinachofuata: msemaji wa serikali anakanusha hesabu ile, na kwa kuikanusha anakanusha shambulio lote. Hesabu iliyoongezwa imemupa mulango wa kutokea. Na ku nyumba moja kuna familia ambayo jina la mutoto wao limeandikwa vibaya ku orodha inayozunguka, ao yumo na kumbe ni muzima, ao hayumo na amezikwa jana.

Andikeni basi kile munachojua, na andikeni munakijua namna gani. "Saa nne ya asubuhi, ku morgue kumehesabiwa miili 7, kuna familia mbili ambazo bado zinatafuta watu wao." Sentensi kama hiyo inaweza kuongezewa jioni bila kuifuta. Kuna kitabu kikubwa kinachofundisha jambo hili kuliko silabi zote: ile raporo Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, juu ya uhalifu uliofanyika mu inchi yetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ina visa 617. Ni kurasa zaidi ya 500, na tunawaomba musizisome zote mu usiku mumoja, sababu hamutalala. Someni kurasa kumi tu, mukiangalia namna zilivyoandikwa. Tarehe, pahali, nani anashukiwa, wamefanya nini, kwa nani. Aya fupi, kisha nyingine. Pahali ambapo hawakuwa na siku kamili, wameandika kwamba ni karibu ya tarehe fulani. Hawakupamba. Miaka imepita na raporo ile bado inashikwa mukononi na wanaodai haki, na wanaotajwa ndani bado wanaikasirikia.

Upande mwingine, tumeona andiko lisilo na mwenyewe linafanya nini. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, simu zetu zilijaa ujumbe bila jina, bila tarehe, bila pahali: eti ugonjwa haupo, eti chanjo ni ya kumaliza watu, eti yote ni biashara. Kulikuwa maswali ya haki ndani yake, hasa juu ya pesa, na juu ya uchaguzi wa Desemba 2018 ambao ulihairishwa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, eti sababu ya ugonjwa na usalama. Maswali ya haki yangehitaji barua ya haki. Yaliingia mu ujumbe wa uongo, yakachafuka pamoja nao. Mu Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na vya Butembo vikashambuliwa. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200. Hatusemi kwamba ujumbe wa WhatsApp peke yake njo ulichoma vituo. Tunasema kwamba siku ile mutu mwenye swali la kweli hakuwa tena na pahali pa kuliweka.

Sasa mazoezi. Hatutawapa orodha ndefu.

Uwe na kaye ndogo, ile ya bei ya chini. Kila jioni andika mistari mitano juu ya kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako: bei ya bidoni ya mafuta ya mawese, moto mangapi yamesimama ku barierre, mwalimu alifika saa ngapi. Kitu ulichokiona, si kitu unachokifikiria. Kufikiri utafikiri tu, hakuna atakayekuzuia. Mwezi mumoja wa kaye ile unabadilisha mukono wa mutu, tumeona kwa wenzetu wengi, na zaidi kwa wale waliosema hawana kipaji.

Kisha soma kwa sauti. Kama pumzi imekwisha mbele ya nukta, kata. Kama umejikwaa, mwenye kusoma atajikwaa pale pale.

Kisha umupe mutu asiye wa promosyo yako. Mwanafunzi wa sheria amupe wa kilimo, wa kilimo amupe wa ISTM. Usimuulize "ni mzuri?", sababu atasema ndiyo juu ya urafiki. Mwambie: niambie ninaomba nini mu barua hii. Kama hawezi kusema, rudia kuandika, usianze kumuelezea. Hautakuwa ku buro ya meya kumuelezea meya.

Wengi wanauliza juu ya programu za akili bandia zilizo ku simu. Tuseme wazi: kama umeandika mwenyewe na unataka programu ikuonyeshe makosa ya kifaransa, tunaona hakuna ubaya, zamani tulikuwa tunamuomba kaka aliyemaliza. Lakini programu ile haijatembea ku barabara ya Kalunguta. Ukiiomba ikuandikie petisyo juu ya barabara ya Kalunguta, itakupa ule utukufu mukubwa mu kifaransa kisicho na kosa hata moja, na hesabu ambazo hakuna aliyezihesabu. Ni sekretaria publik mupya, ila huyu hafungi saa kumi na mbili.

Jambo lingine, na hili ni la kulinda watu. Kusema tutaje hakumaanishi tutaje kila mutu. Mutaje mwenye kazi na kazi yake, mutaje buro inayohusika. Lakini mama aliyewaambia alichokiona usiku ule, jina lake lisiwe mu kaye, lisiwe mu simu, lisiwe mu kopi zinazozunguka. Andika "mama mumoja wa kartie hii", na jina lake ubaki nalo mu kichwa, ao mutu mumoja wa kuaminika alichunge pahali pengine. Kwa barierre wanaweza kukuomba simu. Fikiria mule ndani muko nani.

Na mwisho kuna jambo dogo ambalo wengi wanaliona si la kuandika, na kwetu ni nusu ya kuandika. Barua inatembea na kopi mbili. Moja inabaki ku buro. Ya pili unarudi nayo, na juu yake muko kashe ya buro, tarehe, jina na sinyatire ya aliyepokea: akize de resepsyo. Kuna ma-buro ambayo watakuambia "acha tu, tutaona". Usiache. Ngojea, kwa heshima, hata saa mbili, hata urudi kesho. Musemeshe yule wa mapokezi vizuri, mwite papa ao mama kama anastahili, hakukutungia sheria. Lakini usitoke bila kashe. Sababu yake iko mu kifungu cha 27: miezi 3. Miezi 3 tangu siku gani? Bila kashe, hakuna siku. Barua iliyopokelewa tarehe 10 Januari inangojea jibu mpaka 10 Aprili, na tarehe 11 tunarudi na kopi yetu na barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza: tuliandika siku hii, mulipokea siku hii, Katiba inasema hivi, siku zimepita. Mistari mine. Tumeona watu waliocheka barua ya kwanza hawacheki ya pili.

Kuna anayeweza kusema: hawajibu hata hivyo. Mara nyingi ni kweli, hatutawadanganya. Kuna barua zetu ambazo zimelala mu ma-buro mpaka leo. Lakini kopi zenye kashe ziko kwetu, mu kartoni, zimepangwa kwa tarehe, na mwandishi wa habari akija, avoka akija, watu wa uchunguzi wakija, hatuanzi kusimulia. Tunafungua kartoni. Mwenye kukaa kimya ana tarehe za kimya chake.

Sasa tuanze kazi. Kila mutu achukue karatasi moja na bike. Chagueni shida moja ya avenue yenu ao ya auditwari yenu, ile muliyoiona juma hili kwa macho. Mistari sita, kwa lugha munayotaka: kitu gani, wapi, tangu siku gani, nani anaumia, nani ana kazi ya kukitengeneza, munaomba nini. Hakuna salamu ya utukufu. Mukimaliza, mupitishe kwa aliye ku mukono wa kuume, asome kwa sauti, na mwenye kuandika anyamaze. Tuko na dakika 20. Zile zitakazoeleweka bila maelezo, tutakaa nazo pamoja leo hii hii, tuzitie mu kifaransa, tupige kopi mbili mbili, na siku ya kwanza asubuhi tunaenda nazo ku komuni.